Minazi Nipande, Nisipande?

Mkutano ulikuwa umefika kwenye mengineyo. Mtendaji ameshafunga daftari la muhtasari, wazee wa mbele wanatafuta makubazi yao, na kijana wa kampuni ya umeme wa upepo anafunga zipu ya begi la kompyuta. Ndipo bibi mmoja, upande wa akina mama chini ya mkorosho, akanyoosha mkono. Hakusimama. Aliuliza akiwa amekaa vilevile, miguu kainyoosha, kanga ya pili kajitanda kichwani:

"Mwanangu, nina miche ya minazi nyuma ya jiko, imeshatoa majani. Nipande, nisipande?"

Kijana alijibu kwa adabu. Mradi uko hatua za awali. Upepo bado unapimwa. Kijiji kitashirikishwa kila hatua. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante baba. Ila hujanijibu."

Mwenyekiti akamwomba sheikh atufungie kwa dua, watu wakatawanyika.

Nilirudi Tanga mjini jioni ile nikidhani limekwisha. Wiki zimepita, na kila nikikaa kuandika jambo jingine, linakuja hilo. Ni swali la haki na lina jibu. Lakini kati yetu wote tuliokuwa pale, wenye vyeo na tusio navyo, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulijibu.

Kijiji sitakitaja, wala kampuni. Mazungumzo hayajaisha, na ninayotaka kuyasema yanahusu miradi mingi kuliko huu mmoja.

Vikombe vitatu

Mnara wa kupimia upepo umesimama kwenye kilima kidogo kinachotazama bahari, mahali palipokuwa na mihogo. Kwa mbali utadhani ni mnara wa simu. Ukisogea unaona ni mwembamba mno kwa kazi hiyo: nguzo ya chuma iliyopakwa nyekundu na nyeupe, imeshikwa na waya nene zilizovutwa pande zote hadi kwenye vitalu vya zege. Imetoa mikono pembeni, na mwisho wa kila mkono kuna vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka. Kuna pia kibawa cha kuonyesha upepo unatoka wapi. Chini, ndani ya uzio, kuna kisanduku chenye kufuli na paneli ndogo ya jua. Hicho ndicho kinachoandika kila kitu, usiku na mchana.

Vikombe vimepangwa kwa ngazi, chini, kati na juu, kwa sababu upepo wa karibu na ardhi hukwazwa na miti na nyumba, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kasi. Kisanduku kinalinganisha ngazi hizo ili mafundi wakadirie upepo ulivyo kule juu zaidi, mtambo wenyewe utakakofika.

Wanapima kwa muda mrefu, na wana sababu. Nguvu iliyomo kwenye upepo haipandi sawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara 8. Upepo wa mita 6 kwa sekunde na ule wa mita 5 mtu hawezi kuutofautisha usoni mwake, lakini wa kwanza una nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya wa pili. Ukikosea kidogo kwenye kupima, umekosea sana kwenye hesabu ya umeme, na benki haikopeshi kwa makisio.

Tena upepo wetu unabadilika. Kuna miezi ya kusi, kuna miezi ya kaskazi, na katikati kuna maleleji, bahari inalala na wavuvi wa ngalawa wanapiga kafi. Anayepima wakati wa kusi peke yake atajidanganya. Anayepima maleleji atafungasha aende. Kwa hiyo mwaka mzima ndio mwanzo, na wenye fedha hupenda kuona zaidi ya mmoja.

Mkoa wetu umeshapimwa kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 TANESCO, kwa msaada wa Denmark, ilipima upepo sehemu kadhaa za nchi, na mojawapo ilikuwa Mkumbara, Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Vipimo vilivyokuja kusisimua watu vilikuwa vya kwingine: Kititimo kule Singida, wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, na Makambako, mita 8.9. Umeme wa upepo wa Singida umezungumzwa tangu siku hizo. Lakini mitambo ya kwanza ya upepo kupeleka umeme kwa wateja nchini ilikuwa ya Mwenga, Mufindi, mwaka 2020: mitambo 3, megawati 2.4 kwa jumla.

Yaani kutoka vikombe hadi taa, mtoto anaweza kuzaliwa, akasoma, akamaliza kidato cha nne.

Hapo ndipo nilipoanza kuona uzito wa swali la minazi.

Naitaka mitambo hii

Naomba nisieleweke vibaya. Ninataka mitambo ije.

Tanga ni mkoa wa umeme wa maji tangu zamani. Hale ilianza kufua mwaka 1964, megawati 21. Pangani mpya ilikuja mwaka 1995, megawati 68. Tumekulia kando ya mto huo na tunajua maana ya mto kupungua. Sasa nchi ina bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na mgao umetuachia nafasi ya kupumua. Nashukuru kwa hilo. Lakini bwawa kubwa limetuegemeza kwenye mvua zaidi ya tulivyokuwa. Na kusi huvuma miezi ile ambayo masika imekwisha na mito inaanza kushuka. Nchi yenye mto na upepo pamoja inalala vizuri zaidi.

Kuna jambo jingine tulilo nalo huku ambalo wengi hawana. Njia ya umeme mkubwa, kilovolti 132, inatoka Hale mpaka Tanga. Mradi ukijengwa huku hauhitaji kuvuka jangwa kuitafuta gridi.

Kwa hiyo swali langu halikuwa kama mitambo ije au isije. Ni nani anayebeba miaka ya katikati?

Kusubiri kwa malipo, kusubiri kwa bure

Tuchukue mfano wa jirani. Kenya walijenga mitambo ya upepo ya Lake Turkana huko Loiyangalani, Marsabit: mitambo 365, megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kuutoa umeme, zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, haikuwa tayari. Mapanga yakasimama hadi mwaka 2018 yakisubiri waya.

Kampuni haikusubiri bure. Mkataba ulisema nani analipa kuchelewa kukitokea, na serikali ya Kenya ikalazimika kulipa. Wenye mtaji waliijua thamani ya kusubiri kwao, wakaiandika mapema, wakaidai.

Sasa geuka upande wa pili wa mradi uleule. Ardhi iliyokodishwa ilikuwa ekari 150,000, ardhi ya wafugaji. Kesi ikaenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikatamka kwamba hatimiliki za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata utaratibu. Mitambo ilikuwa imeshazinduliwa tangu 2019. Hebu fikiria mfugaji aliyesubiri miaka yote hiyo kusikia kauli hiyo. Kusubiri kwake hakukuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Huku kwetu sihitaji kueleza sana. Wa Bagamoyo mnaijua habari ya bandari: makubaliano Machi 2013, jiwe la msingi Oktoba 2015, kisha kimya cha miaka. Na kando ya njia ya bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, wapo waliothaminiwa mali zao na fidia ikaja miaka kadhaa baadaye. Sisemi miradi hiyo ilikuwa mibaya. Nasema muda ulipita, na mwenye shamba ndiye aliyeulipia.

Analipa namna gani? Hajengi jiko la matofali, anabaki na la miti. Hapandi mchungwa, anapanda mahindi. Mwanawe akitaka kuoa anaambiwa ngoja tuone mradi. Benki au saccos ikisikia eneo lina mradi, inasita kulipokea shamba kama dhamana. Mpimaji hajafika, alama nyekundu haijapakwa ukutani, na maisha yameshasimama.

Mradi unaopangwa huchukua muda wa watu kabla haujachukua ardhi yao.

Shamba lingebaki palepale

Kinachoniuma zaidi ni kwamba umeme wa upepo hauhitaji mambo haya. Machimbo yanachimba. Bwawa linafunika. Mtambo wa upepo unasimama mahali padogo. Mitambo ya siku hizi yenye mapanga ya kuzunguka duara lenye kipenyo cha mita 150 hutengana mita mia kadhaa, mara nyingi zaidi ya 700, ili mmoja usimnyang'anye mwenzake upepo. Katikati ni nafasi tupu. Barabara ya kufikia, msingi wa zege, waya zilizofukiwa, basi. Penginepo duniani watu wanalima na kuchunga ng'ombe hadi miguuni pa mtambo.

Kwa hiyo bibi angeweza kupata jibu. Minazi mirefu karibu sana na mtambo ni tatizo kweli, kwa kuwa miti huuvuruga upepo na kuupunguza kasi. Fundi anaweza kuchora duara kuzunguka kila mahali panapofikiriwa mtambo, akasema: ndani ya hapa panda mihogo, kunde, mananasi; nje ya hapa panda unachotaka. Shamba la bibi liko bondeni, mbali na kilima. Nililitembelea. Ningeshangaa kama kuna fundi anayelifikiria.

Lakini ramani haijabandikwa popote. Basi kila mtu kijijini anajiweka mwenyewe ndani ya mradi, kwa hofu au kwa tamaa. Mwenye hofu haendelezi chochote. Mwenye tamaa anachomeka miche kila hatua mbili akisubiri mthamini. Wote wawili wanaharibu mashamba yao kwa ajili ya mstari wasiouona.

Kinangop, huko Kenya, mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga. Hofu ya kupoteza ardhi ilikuwamo. Huwa nawaza ni kiasi gani cha hofu ile kingepungua kwa ramani moja, iliyobandikwa mapema, mahali ambapo mama aliyetoka kisimani anaweza kuiona.

Nilimwambia bibi apande. Nilimfuata nyumbani kwake kumwambia, kwa niaba yangu mwenyewe. Mnazi mrefu wa pwani unataka miaka 6 au zaidi kuanza kuzaa. Akingoja vikombe vile vimalize kazi yao, hataonja dafu la miche hiyo.

Sheria inaanza kuhesabu lini

Nilirudi kwenye vitabu vya sheria kutafuta mahali ambapo kusubiri kumetajwa. Kumetajwa, na hilo lilinipa moyo.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia una ukomo: miaka 2 ikipita bila malipo, unarudiwa. Fidia ikichelewa kupita miezi 6, inaanza kudai riba. Maana yake nchi yetu imeshakubali kwamba siku za mwananchi zina bei.

Ila hesabu hiyo inaanza kwenye uthamini. Miaka ya vikombe iko kabla yake. Kampuni bado haijachukua ardhi, haijaomba kuihawilisha, yaani itoke kwenye ardhi ya kijiji, imeomba tu ruhusa ya kusimamisha nguzo na kupita. Halmashauri ya kijiji inagonga muhuri kwa moyo mweupe, kwa sababu nguzo haidhuru mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ina ngazi zake: mkutano mkuu, halmashauri, na eneo likizidi hekta 250 uamuzi unapanda hadi kwa Waziri. Ngazi hizo zote ni za siku ardhi inapohama. Siku ardhi imekaa tu ikisubiri, hakuna ngazi.

Nchi nyingine wana mkataba wa kipindi hiki hasa. Mwenye shamba anaipa kampuni haki ya kupima na kuja kukodi baadaye, kwa miaka inayotajwa, na kila mwaka wa kusubiri analipwa kitu. Miaka ikiisha bila mradi, haki inakufa yenyewe na shamba linabaki huru. Ni karatasi fupi. Hakuna linalotuzuia kuandika ya namna hiyo kwa Kiswahili na kuisoma kwa sauti mkutanoni.

Mlinzi wa mnara

Nilifika hapo nikidhani nimepata la kusema. Kisha nikakaa na mtoto wa kaka yangu.

Yeye ndiye mlinzi wa mnara, usiku. Ana tochi, ana koti la mvua alilopewa na kampuni, na mshahara wake unafika kila mwezi kwenye simu. Mshahara huo umemlipia mdogo wake ada na umeezeka bati nyumba ya mama yao. Nilipomwambia ninataka karatasi ya kijiji iwe na tarehe ya mwisho, alinyamaza kidogo, akasema:

"Shangazi, wakiona masharti wakahamia kijiji cha pili, mimi nitakula hiyo tarehe?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo sasa. Kijiji cha pili kipo, na upepo hauna mipaka ya vijiji. Kampuni inaweza kung'oa nguzo kwa siku chache tu na kuisimamisha upande wa pili wa mto, kwa watu ambao hawakuuliza kitu. Atakayepoteza kwanza ni kijana huyu mwenye tochi.

Nililala na maneno yake. Nilichokiona baadaye ni kwamba kama kila kijiji kinaogopa cha pili, kampuni itapata ukanda mzima wa pwani kwa bei ya kusimamisha nguzo. Dawa yake haiko kijijini. Iko wilayani na mkoani, ambako masharti ya kipindi cha kupima yangeweza kuwa mamoja kwa vijiji vyote, kuanzia Mkinga hadi Pangani. Hapo mwekezaji mwenye nia hana pa kukimbilia na wala hana sababu ya kukimbia, maana malipo ya kusubiri ni kitu kidogo sana kwenye mradi wa mabilioni. Anayeshindwa hicho alikuwa anashika eneo ili aliuze kwa mwingine.

Nilimwambia hivyo. Alisema sawa, ila mkoa uanze kabla ya kijiji chetu. Anayo haki ya kusema hivyo.

Karatasi

Halmashauri ya kijiji iliniomba nipitie rasimu ya makubaliano ya awali, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni mikataba ya wakulima. Ilikuwa na haki ya kupima, haki ya kupita, na kifungu kwamba kijiji hakitazungumza na kampuni nyingine ya upepo. Ilikuwa na tarehe ya kuanza. Tarehe ya kumaliza haikuwamo.

Nimewaandikia mambo machache. Ukomo wa miaka 3, na kuongeza muda kuamuliwe na mkutano mkuu. Ramani ya eneo linalofikiriwa, ibandikwe ukutani ofisini kijijini na irekebishwe kila mahali panapoachwa. Sentensi moja inayosema wazi kwamba watu wako huru kupanda na kujenga katika kipindi cha kupima, na kwamba walichokiendeleza kwa kawaida ya shamba kitahesabiwa siku mthamini akija. Malipo ya kila mwaka kwa wenye mashamba yaliyomo kwenye ramani. Na muhtasari wa vipimo vya upepo usomwe kijijini mara moja kwa mwaka, kwa sababu upepo ule unapimwa juu ya vichwa vyao.

Mtu wa kampuni alinipigia. Alisema ramani haina tatizo, muda wanaweza kuujadili, ila malipo ya mwaka "yatawatisha wenye fedha". Nilimuuliza kama wenye fedha hao hao watakubali mkataba wa kuuza umeme usiosema nani analipa gridi ikichelewa. Alisema hapana, hilo haliwezekani. Nikamwambia basi tunaelewana vizuri.

Halmashauri imepitisha ukomo na ramani. Kwenye malipo wamegawanyika: wajumbe wengine wanataka yaingie akaunti ya kijiji, yamalizie zahanati. Zahanati inahitajika, siipingi. Lakini mimi nasimamia yaende kwa wenye mashamba, kwa majina, kwa sababu wao ndio watakaoishi ndani ya mstari, na jirani aliye nje ya ramani amepanda michungwa yake bila kumuuliza mtu.

Mkutano mkuu ujao ndio utakaoamua. Kama uko kwenye kijiji chenye mnara wa namna hii, Bagamoyo, Singida, Makambako, popote, na karatasi yenu ina tarehe ya mwisho au malipo ya kusubiri, niandikie hapa chini. Nataka kuona kifungu chenyewe kilivyoandikwa, nikisome mkutanoni.